Usiku mmoja jangwani kutokea Dubai: kambi au loji, na eneo lipi

Kwenye matangazo, kambi zote za jangwani za Dubai zinafanana: hema, mazulia, mito, taa za njano na tuta la mchanga kwa nyuma. Kinachozitofautisha hakionekani kwenye picha. Ni ardhi ambayo kambi imesimama na masharti ya ardhi hiyo: nani anaruhusiwa kupita na gari, muziki unazimwa saa ngapi, wanyama wapo au hawapo, pombe inauzwa au imekatazwa. Chagua eneo kwanza, kitanda baadaye. Anayeanza na kitanda hulipia hema zuri la mviringo lenye dirisha la kioo, kisha jioni akagundua kwamba jirani yake ni uwanja wa pikipiki za magurudumu manne.

Maeneo yanayofikika kwa wikendi moja ni haya. Muda ni wa kutoka katikati ya Dubai barabara ikiwa nyeupe. Ijumaa alasiri ongeza nusu saa au zaidi, hasa ukielekea Sharjah.

| Eneo | Muda kwa gari | Utakachokuta | Panamfaa nani |
|---|---|---|---|
| Lahbab na tuta la Big Red | dakika 45–60 | mchanga mwekundu, sherehe, kelele hadi kama saa 3 usiku | vijana, makundi, bajeti ndogo |
| Hifadhi ya Jangwa ya Dubai (DDCR) | saa 1 hivi | choroa, swala, kimya | wawili wawili, wapenda wanyama |
| Al Marmoom na Bab Al Shams | dakika 45 | mchanga wa chini chini, maziwa ya Al Qudra | familia |
| Mleiha, Sharjah | saa 1 | majabali, mambo ya kale, hakuna pombe | wapenda historia na nyota |
| Al Wadi, Ras Al Khaimah | saa 1 na robo | nyumba ndogo zenye bwawa lake | familia yenye fedha, fungate |
| Liwa, Abu Dhabi | saa 3 | matuta makubwa kuliko yote | mwenye usiku 2 |

Lahbab: bei ya chini, furaha ya pamoja

Huku ndiko magari meupe ya 4x4 yanakoelekea kila alasiri. Mchanga ni mwekundu kwa sababu chembe zake zimefunikwa na kutu ya chuma, na picha za machweo hutoka vizuri kweli. Kifurushi hakibadiliki sana kutoka kampuni moja hadi nyingine. Unachukuliwa hotelini kama saa tisa alasiri. Mkifika mchangani dereva anapunguza upepo wa matairi hadi psi 12 au 15, ili tairi litandae juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Mnapanda na kuteremka matuta kwa nusu saa hivi, mnasimama kutazama jua likizama, kisha mnaingia kambini: mzunguko mfupi wa ngamia, hina, kahawa na tende, shisha, bufee ya nyama choma, na ngoma. Ngoma zenyewe, lazima isemwe, nyingi ni za wageni. Ule mchezo wa mtu kuzungukazunguka na sketi za rangi umetoka Misri. Ngoma ya wenyeji ni al-ayyala, ya safu mbili za wanaume wenye fimbo nyembamba, iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi mwaka 2014. Kama unaitaka hiyo, uliza kabla, usiichukulie kwamba itakuwepo.

Kulala ni nyongeza juu ya kifurushi hicho. Wageni wa jioni wakiondoka kama saa tatu usiku, wachache mnabaki, na hapo ndipo kambi nzuri na mbovu zinapoachana. Kasoro hujirudia zilezile: jenereta inazimwa, hivyo simu haichajiki na maji ya moto hayapo, choo ni cha pamoja na kiko mbali, godoro ni jembamba, blanketi ni moja wakati usiku wa Januari unaweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini yake. Hakuna haja ya kugombana na mtu baadaye. Uliza mambo manne kabla ya kulipa: umeme unakuwepo saa ngapi hadi saa ngapi, choo na bafu ni vya nani, kila mtu anapata blanketi ngapi, na gari la kurudi linaondoka saa ngapi asubuhi. Kampuni isiyoweza kujibu la kwanza haina kambi yake. Inakuuzia nafasi kwenye kambi ya mwingine.

Kuruka matuta kwa gari hakumfai mjamzito, mwenye maumivu ya mgongo au shingo, aliyetoka kufanyiwa upasuaji, wala mtoto mdogo sana. Kampuni nyingi zina gari linalopita njia ya kawaida moja kwa moja hadi kambini, ila lazima uliombe siku unayoweka nafasi, maana dereva aliyekwisha kupangiwa abiria sita hawezi kubadili njia kwa ajili ya mmoja. Kwa kichefuchefu, kula chakula chepesi saa mbili kabla, omba kiti cha mbele, tazama mbali na acha simu mfukoni. Ukianza kujisikia vibaya mwambie dereva mapema. Kusimama juu ya tuta ni rahisi, kusimama katikati ya mteremko si rahisi.

Pikipiki za magurudumu manne kwa kawaida hazimo kwenye bei. Mnasimamishwa mahali zinapokodishwa na wauzaji wanakuja dirishani. Patana dakika, bei na kama kuna kiongozi kabla hujavaa kofia ngumu.

Hifadhi ya DDCR: unalipia watu wasiokuwepo

Hifadhi ya Jangwa ya Dubai ina kilomita za mraba 225, karibu asilimia 5 ya eneo lote la emirati ya Dubai. Haiingiliki ovyo: kampuni zenye kibali tu ndizo huleta wageni, na magari hufuata maeneo yaliyopangwa. Matokeo yake unayaona kwa macho. Choroa wa Arabuni, aliyetoweka porini mwaka 1972 na kurudishwa kwanza Oman mwaka 1982, hapa hupita karibu na veranda yako mchana kweupe.

Ndani ya hifadhi una njia mbili. Ya kwanza ni loji ya Al Maha, iliyofunguliwa mwaka 1999. Ina nyumba 42, kila moja na bwawa lake linalopashwa au kupozwa maji kulingana na majira. Haipokei watoto chini ya miaka 10, na asiyelala hapo hapiti getini kutembea tu. Bei yake humshtua mtu anapoiona mara ya kwanza, lakini isome vizuri: kwa kawaida imejumlisha milo yote na shughuli mbili za jangwani kwa kila usiku, kama kupanda ngamia, kutazama kozi wakiruka, au kuzunguka kwa gari na kiongozi. Vinywaji vyenye kilevi havimo. Ukilinganisha na loji inayotoza chumba peke yake, ongeza kwanza milo mitatu ya watu wawili na shughuli nne, ndipo useme ipi ni ghali.

Kosa la kawaida hapa ni kufika jioni. Shughuli huanza alasiri na alfajiri. Anayeingia saa kumi na mbili jioni amekwisha poteza nusu ya alicholipia. Kwa usiku mmoja, panga kufika kabla ya chakula cha mchana hata kama chumba hakijawa tayari.

Njia ya pili ni kambi ndogo za kampuni zenye kibali: safari ya jioni kwa Land Rover za zamani, chakula cha wenyeji, kulala kwenye hema au kibanda cha makuti, na matembezi ya asubuhi na mtaalamu wa wanyama. Gharama ni pungufu sana kuliko Al Maha na watoto wakubwa kidogo hukubaliwa. Huku hakuna kuruka matuta kwa fujo wala pikipiki. Kama kundi lako lina vijana wanaotaka msisimko, wataboreka, na lawama zitakurudia wewe uliyechagua. Kwa mtu anayetaka kujua jangwa linaishi vipi, hatuoni mahali pengine karibu na Dubai panapoishinda njia hii kwa thamani.

Bab Al Shams au Al Wadi: ukiwa na watoto

Hizi mbili hulinganishwa sana, na si za aina moja. Bab Al Shams ni hoteli iliyojengwa mfano wa ngome ya kale, kando ya jangwa la Al Marmoom. Ilifunguliwa mwaka 2004, ikafanyiwa ukarabati mkubwa na kurudi mwaka 2023. Ina vyumba 115, mabwawa ya pamoja, klabu ya watoto na mikahawa inayoleta watu wa mjini jioni. Ni hoteli iliyoko jangwani, basi. Jangwa lenyewe linaanzia ukutani, na wikendi utasikia watu.

Al Wadi, inayoendeshwa na Ritz-Carlton huko Ras Al Khaimah, imetawanya nyumba zake ndani ya hifadhi ya takriban hekta 500. Kila nyumba ina bwawa lake, majirani wako mbali, na swala na choroa hukatiza njia. Kuna pia hoteli dada ufukweni, hivyo unaweza kugawanya siku kati ya mchanga na bahari.

Mzazi wa mtoto wa miaka miwili au mitatu afikirie mara mbili kuhusu bwawa la mlangoni. Linapendeza pichani, ila maana yake ni kwamba mtu mzima mmoja hawezi kusinzia mchana. Kwa umri huo bwawa la pamoja lenye mlinzi, kama la Bab Al Shams, ni raha zaidi. Watoto wa miaka minane kwenda juu watafurahia zaidi Al Wadi. Kwa zote mbili, chukua mpango wenye angalau kifungua kinywa na chakula cha jioni. Hakuna mkahawa wa bei nafuu wa kutembea kwa miguu, na familia ya watu wanne ikila kwa kuagiza kimoja kimoja, hesabu ya mezani hukaribia ile ya chumba.

Ukiwa upande wa Al Marmoom, maziwa ya Al Qudra yana ndege wengi wakati wa baridi, na njia ya baiskeli ya kilomita 86 hupita jangwani. Hayo ni ya mchana, hayalazimu kulala.

Mleiha: mawe, mifupa ya kale na anga

Upande wa Sharjah jangwa hubadilika: mchanga unakutana na majabali ya chokaa, likiwemo lile linaloitwa Fossil Rock kwa sababu ya mabaki ya viumbe wa baharini yaliyomo kwenye mawe yake. Kituo cha Akiolojia cha Mleiha kilifunguliwa mwaka 2016, na mwaka 2025 eneo la Faya liliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO kwa ushahidi wa binadamu waliopita hapo tangu miaka 210,000 iliyopita. Malazi ni machache na madogo: Al Faya Retreat ina vyumba 5 tu ndani ya majengo ya mawe ya miaka ya 1960, na Moon Retreat ni ya mahema ya mviringo na ya kawaida.

Uchache huo ndio uzuri wake na ndio shida yake, kwa maana ya kwamba wikendi za Desemba na Januari hujaa mapema. Pombe imekatazwa Sharjah yote, hotelini pia. Kwa wengine hilo ni kizuizi, kwa wengine ndilo linalofanya usiku uwe mtulivu na wa kifamilia. Kumbuka pia wikendi ya Sharjah ni Ijumaa hadi Jumapili, wakati Dubai tangu Januari 2022 ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa kazi hadi mchana. Kwa hiyo bei ya Mleiha inaweza kupanda kuanzia Alhamisi usiku, siku ambayo Dubai bado ni ya bei ya kawaida.

Liwa: usiende kwa usiku mmoja

Hoteli ya Qasr Al Sarab, iliyofunguliwa mwaka 2009 ukingoni mwa jangwa la Rub' al Khali, ndiyo inayokupa jangwa lile la kwenye ndoto: matuta ya rangi ya chungwa mpaka upeo wa macho, na anga yenye giza la kweli. Tal Moreeb, tuta maarufu la Liwa, lina karibu mita 300. Lami inafika hadi hotelini, hivyo gari dogo linatosha, lakini vituo vya mafuta ni haba barabara ya Hameem. Jaza tangi kabla ya kuiacha Abu Dhabi. Saa tatu kwenda na tatu kurudi kwa usiku mmoja ni adhabu. Lala mara mbili au chagua pengine. Tamasha la Liwa, la Desemba kuingia Januari, huleta mashindano ya magari na umati Tal Moreeb. Lifuate kwa makusudi au likwepe kwa makusudi.

Hema, nyumba ya mviringo au chumba cha ukuta

Turubai ni nzuri usiku mkavu usio na upepo. Upepo wa shamal ukivuma kutoka kaskazini-magharibi, hema hupigapiga usiku kucha na mchanga mwembamba huingia kwenye shuka hata zipu ikiwa imefungwa. Kuba lenye dirisha kubwa ni zuri kwa nyota, ila lisilo na pazia nzito hugeuka jiko saa moja baada ya jua kuchomoza. Ukuta wa mawe au udongo hauna ajabu pichani na ndio unaolaza watu vizuri.

Mahali hema lilipo pia ni muhimu. Kwenye bonde kati ya matuta hewa ya baridi hutuama na umande hulowesha mito na viatu vilivyoachwa nje. Juu kabisa kuna upepo. Mteremko unaotazama mashariki, chini kidogo ya kilele, ndio bora: unakingwa na shamal na jua la asubuhi linakukausha mapema. Ukiweza kuchagua namba ya hema, omba lililo mbali na jenereta na jiko, na upande ambao upepo unatoka.

Majira na mwezi

Novemba hadi Machi ndiyo miezi ya kulala nje. Mchana huwa nyuzi 24 hadi 30 hivi, usiku koti linahitajika. Kuanzia Juni hadi Septemba mchana hupita nyuzi 40, na kambi nyingi za mahema hufungwa. Zinazobaki wazi ni loji zenye viyoyozi, na bei zake hushuka sana. Ukizipata, tumia alfajiri na usiku, mchana kaa ndani. Desemba hadi Februari kuna ukungu wa asubuhi unaofunga barabara, kwa hiyo usipange ndege ya saa tatu asubuhi siku ya kutoka jangwani.

Ramadhani kwa miaka hii imeangukia majira ya baridi. Kambi nyingi huacha muziki na ngoma mwezi huo, na mchana huduma hupungua. Kwa anayetaka utulivu na futari jangwani, hakuna wakati mzuri zaidi. Kwa anayelipia onyesho, hakuna wakati mbaya zaidi.

Kwa nyota tafuta siku za mwezi mwandamo, na uende mbali na upande wa mji: huko Lahbab na Al Marmoom mwanga wa Dubai hufunika anga ya kaskazini-magharibi. Mwezi mpevu ni mzuri kwa kutembea juu ya matuta bila tochi.

Hesabu iliyofichika na njia ya kufika

Bei ya hoteli za Dubai mara nyingi hutangazwa bila nyongeza. Ongeza asilimia 10 ya huduma, 7 ya manispaa na 5 ya VAT, kisha Dirhamu ya Utalii ya kati ya 7 na 20 kwa chumba kwa usiku kulingana na daraja. Angalia kama tovuti imeandika bei kamili au bei ghafi kabla ya kulinganisha mbili. Dirhamu imefungwa kwenye dola kwa 3.6725, hivyo anayekutoza kwa dola kwa kiwango kilicho mbali na hapo anajipatia chake.

Teksi itakufikisha Bab Al Shams bila shida. Kupata ya kukurudisha ndiyo kazi. Iombe hoteli usiku uliotangulia. Gari la kukodi linatosha kwa loji zote zenye lami mlangoni, lakini bima yake kwa kawaida hailipi ukitoka nje ya barabara, hata mita hamsini, hata kama gari ni la 4x4. Kambi zilizo mchangani kabisa huwa na sehemu ya kuegesha kando ya lami na gari la kukufuata. Pata namba ya simu ya dereva huyo na alama ya ramani ya sehemu ya kuegesha, si ya kambi, kwa sababu ukifuata alama ya kambi simu itakuelekeza kukatiza mchangani.

La mwisho kuuliza ni nini kinatokea upepo ukizidi. Loji hukuhamishia ndani na maisha yanaendelea. Kambi ya mahema inaweza kufuta usiku huo saa chache kabla, na masharti hutofautiana: wengine hurudisha fedha, wengine hutoa tarehe nyingine tu, jambo lisilomsaidia mgeni anayesafiri keshokutwa. Pata jibu kwa maandishi, na usiku wa jangwani uupange mapema katika safari yako, ukiacha siku moja au mbili nyuma yake za kuusogeza.